Homa ya mtu asiye na bandama haingoji asubuhi

KARAVIA, LUBUMBASHI – Ninyi mnaonisikiliza redioni mnanijua kwa habari za maji, umeme, bei ya unga na barabara zinazokatika wakati wa mvua. Hii ya leo sijawahi kuisoma hewani. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili sauti ilinikauka kabla ya kufika katikati. Ni habari ya mdogo wangu, na ni habari ya kosa langu mwenyewe.

Naiandika sasa kwa sababu mwezi uliopita, hapa hapa kwetu Karavia, niliona kovu kama lake kwenye tumbo la mtoto wa jamaa iliyokimbia vita. Nikajiambia: nikinyamaza tena, hilo litakuwa kosa la pili.

Usiku wa kwanza

Mdogo wangu alikuwa motari. Alfajiri alitoka na pikipiki yake, jioni alirudi na unga wa bukari na masimulizi ya wateja wake. Siku moja, kwenye barabara ya Kipushi, takisi ilimkatia njia. Alianguka, na ncha ya usukani wa pikipiki ikamgonga ubavu wa kushoto. Aliinuka mwenyewe, akapanguza vumbi, akagombana na dereva, kisha akarudi nyumbani akiendesha.

Jioni hali ikageuka. Alikuwa na kiu, jasho baridi lilimtoka, midomo ikawa myeupe. Alilalamika kwamba bega la kushoto linamuuma, nasi tukawa tunamkanda bega kwa maji ya moto. Hatukujua kwamba maumivu yale yalitoka tumboni. Damu ikimwagika ndani, upande wa juu wa tumbo, mtu anaweza kusikia maumivu begani. Tumbo lilipokuwa gumu kama ubao ndipo tulipomkimbiza hospitali. Walimwongezea damu, wakampasua usiku ule ule.

Karibu na alfajiri daktari alitoka akatuambia maneno machache: "Bandama ilikuwa imepasuka. Tumeitoa. Ataishi."

Na kweli aliishi. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, mtu asije akasema mwandishi anawapinga wapasuaji. Bandama ina damu nyingi, na ikipasuka vibaya mtu anaweza kumalizika kwa saa chache. Upasuaji ule ulitupa mdogo wetu kwa miaka mitatu zaidi. Katika miaka hiyo alioa, akapata mtoto wa kike.

Lakini kuna neno moja ambalo halikusemwa. Sisemi ni hospitali gani, wala simtafuti mtu wa kumlaumu. Walikuwa wamechoka, sisi tulikuwa tunahangaika na pesa ya kulipa ili atoke, na kila upande ulikuwa na haraka. Tulipewa karatasi. Katikati ya maandishi ya kalamu kulikuwa na neno la Kifaransa: splénectomie. Sisi tulitafuta mambo mawili tu: tarehe ya kutoa nyuzi, na bei. Karatasi ikaingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukaingia chini ya godoro.

Mama yetu alishukuru Mungu kwa namna yake. Kwetu nyumbani, mtoto akivimba upande wa kushoto wa tumbo kwa sababu ya palu ya mara kwa mara, wazee husema "ana bandama", kana kwamba bandama ni jina la ugonjwa. Wengine wanamchanja chale kwa wembe pale pale penye uvimbe. Basi mama aliposikia bandama imetolewa, akasema: "Asante Mungu, ugonjwa umetoka." Hakuna aliyemrekebisha, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua. Hata mimi, niliyemaliza sekondari na kusoma uandishi wa habari, sikujua.

Usiku wa pili

Ilikuwa wakati wa baridi, mwezi wa saba. Kama saa mbili usiku simu ililia.

"Yaya, niko nasikia baridi mubaya. Mwili yote inatetemeka."

Nilimjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Ni palu hiyo. Kunywa dawa, jifunike, lala. Asubuhi nitafika tukapime."

Saa tano usiku mke wake alipiga. Anatapika, alisema, na mikono yake imekuwa ya baridi. Nilifikiria njia, giza, na wanyang'anyi wanaosimamisha watu usiku. Nikamwambia tungoje kupambazuke.

Saa kumi alfajiri alikuwa hajibu vizuri tena, na ngozi ya miguu ilikuwa na madoa meusi kama michubuko. Tulimbeba. Daktari wa zamu alimpima malaria, ikaonekana kidogo. Kisha akamfunua shati, akaona kovu refu katikati ya tumbo. Akaniuliza:

"Huyu alitolewa bandama?"

"Ndiyo, dokta."

"Homa ilianza lini?"

"Jana jioni."

Aliinamisha kichwa. Alimchoma sindano za antibiotiki, akamwekea serumu, akafanya yote aliyoweza. Jua lilipokuwa limepanda, mdogo wangu alikuwa ameondoka. Daktari alituambia kwamba vijidudu vilikuwa vimejaa kwenye damu, na kwamba kwa mtu asiye na bandama mambo yanakwenda hivyo: jioni anatetemeka, asubuhi ni maiti. Akaongeza kwa sauti ya chini, bila kunihukumu: "Mngekuja jana jioni."

Maneno hayo matatu ndiyo ninayolala nayo.

Bandama inafanya kazi gani

Baada ya msiba nilianza kuuliza. Kuuliza ndiyo kazi yangu, ila safari hii nilikuwa nimechelewa. Nilikaa na madaktari na wauguzi wa mji huu, nikasoma, nikarudi kuuliza tena. Nawaeleza nilivyoelewa.

Bandama, ambayo watu wa pwani wanaiita pia wengu, ni kiungo laini kama ngumi ya mtu kwa ukubwa, kimejificha upande wa kushoto wa tumbo nyuma ya mbavu za chini. Kwa mtu mzima mwenye afya kina uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi. Damu inapita humo muda wote, na ndani yake kuna njia nyembamba sana ambazo chembe za damu zinajipenyeza moja moja. Zile zilizozeeka zinakamatwa hapo. Zile zilizobeba vimelea vya malaria zinakamatwa hapo. Na vijidudu vinavyoogelea kwenye damu vinakamatwa hapo pia.

Vijidudu si vya namna moja. Kuna vile ambavyo vimejivika ganda la utelezi, kama dongodongo mkononi. Chembe zetu za ulinzi zikitaka kuvishika, vinateleza. Hivyo ndivyo vinavyomtesa mtu asiye na bandama. Wa kwanza ni pneumokoki, anayeleta nimonia na uti wa mgongo, na ndiye anayeonekana katika zaidi ya nusu ya vifo hivi vya ghafla. Wa pili ni meningokoki, wa uti wa mgongo. Wa tatu ni Hemofilusi aina ya b, ambaye hupenda zaidi watoto wadogo.

Fikirieni malori ya Kasumbalesa. Ini letu pia linasafisha damu, lakini linafanya kazi vizuri likiona lori ambalo tayari limetiwa alama na askari wa mwili, ndiyo kusema kingamwili. Bandama ina macho makali zaidi: inalikamata hata lori ambalo bado halina alama. Tena, ndani ya bandama mna chembe maalumu zinazotengeneza haraka kingamwili za kwanza dhidi ya yale maganda ya utelezi. Ukiiondoa, umeondoa kizuizi cha barabarani na ofisi ya kugonga mihuri kwa wakati mmoja. Vijidudu vichache vilivyoingia jioni vinazaana bila kizuizi, na kufika asubuhi vimekuwa jeshi.

Ndiyo maana ugonjwa huu hauendi hatua kwa hatua. Unaanza kama mafua au palu: baridi, kichwa, kutapika, kuharisha, maungo kuuma. Saa chache baadaye presha inaanguka, damu inaganda ovyo ndani ya mishipa, ngozi inapata madoa. Kati ya saa 24 na 48 mtu anaweza kuwa amekufa. Ukishapamba moto, karibu nusu ya wanaougua wanakufa, hata wakiwa hospitali.

Nisiwatie hofu kupita kiasi. Wengi waliotolewa bandama wanaishi miaka mingi, wanafanya kazi, wanazaa, wanazeeka. Maambukizi haya ya ghafla hayampati kila mtu. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili mitatu ya kwanza, na kwa watoto wadogo kuliko watu wazima. Lakini haiishi kabisa. Mtu anaweza kukaa miaka 20 salama, halafu usiku mmoja ukafika.

Hata madaktari walichelewa kujua

Nilipokuwa najilaumu, kuna daktari mzee aliyenifariji kwa kunieleza kwamba dunia nzima ilichelewa. Kwa muda mrefu bandama ilihesabiwa kama kiungo ambacho mtu anaweza kukikosa bila shida. Mwaka 1919 watafiti wawili wa Marekani, Morris na Bullock, walitoa panya bandama kisha wakawaambukiza vijidudu. Panya wasio na bandama walikufa wengi zaidi kuliko wenzao. Wachache walizingatia.

Ilibidi ifike mwaka 1952 ndipo madaktari King na Shumacker, wa huko huko Marekani, waeleze habari za watoto wachanga 5 waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu. Baada ya upasuaji walipatwa na maambukizi makali, na wawili wakafa. Tangu hapo wapasuaji walianza kuogopa kuitoa kwa watoto.

Watu wazima je? Wengi walidhani wao wako salama. Mwaka 1977 ilitolewa hesabu ya wanajeshi 740 wa Marekani ambao bandama zao zilitolewa baada ya kuumia wakati wa vita vya 1939 hadi 1945. Walikuwa vijana wenye nguvu, bandama zao zilikuwa nzima hadi siku ya kuumia, kama ya mdogo wangu. Miaka mingi baadaye, nimonia ilikuwa imeua wengi zaidi kati yao kuliko kati ya wenzao waliobaki na bandama.

Kwa sababu hiyo, leo mpasuaji akiweza anajaribu kuiokoa bandama: anamlaza mgonjwa na kumchunga bila kumpasua, au anashona palipopasuka, au anaacha kipande. Lakini hiyo inataka picha za tumbo, damu ya kutosha na watu wa kumchunga mgonjwa usiku kucha. Usiku wa vita, au usiku ambao damu inamwagika na umeme umekatika, daktari anaokoa roho kwanza. Hapo kuitoa bandama ni haki. Kinachobaki ni kumwambia mtu kwamba imetolewa.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu atauliza: ni wangapi hao? Kwetu njia za kupoteza bandama si chache. Kuna ajali za pikipiki. Kuna watoto wanaoanguka kutoka kwenye mwembe. Kuna wachimbaji wanaoangukiwa na udongo. Kuna waliopigwa risasi au kupigwa mateke ya tumbo walipokuwa wanakimbia. Na bandama iliyovimba kwa palu ya muda mrefu inapasuka kwa pigo dogo ambalo lisingemdhuru mtu mwingine.

Halafu kuna wale ambao hawajawahi kupasuliwa lakini bandama yao imekufa. Hao ni watoto wa SS, wenye drepanositozi. Chembe zao za damu zilizopinda zinaziba mishipa midogo ya bandama tena na tena, hadi inanyauka na kubaki kovu. Wengi, kabla ya kuingia shule, wanakuwa kama mtu aliyetolewa bandama. Na si watoto wachache. Mjini Kinshasa walipopima watoto wachanga 31,204, katika kazi iliyotangazwa mwaka 2009, asilimia 1.4 walikuwa SS. Kwa watoto hao kuna habari njema ya zamani: mwaka 1986 huko Marekani ilionekana kwamba kuwapa penisilini ya kumeza mara mbili kila siku kulipunguza maambukizi ya pneumokoki kwa asilimia 84. Mzazi wa mtoto wa SS, muulize daktari wako juu ya penisilini. Ni dawa ya zamani na si ya bei kali.

Palu nayo inaongeza mzigo. Nchini Malawi walifuatilia watu wazima 33 waliotolewa bandama, wakaona kwamba vimelea vya malaria vilipatikana kwao mara nyingi zaidi, tena vikiwaletea homa, kuliko kwa jirani zao. Basi mtu wa kwetu asiye na bandama anaweza kuwa na malaria kweli, na wakati huo huo awe na vijidudu kwenye damu. Hapo ndipo tulipokamatwa sisi. Kipimo kikisema palu, kila mtu anatulia. Kwa mtu huyu msitulie. Palu itibiwe, na antibiotiki zitolewe pia.

Na msidhani uti wa mgongo ni habari za mbali. Mwaka 2021 huko Banalia, jimbo la Tshopo, meningokoki aliua watu zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa na miili iliyokamilika. Fikirieni anayekutana naye bila bandama.

Kovu la mtoto

Sasa nirudi Karavia. Nyuma ya njia inayoshuka upande wa ziwa, si mbali na ile hoteli kubwa yenye jina moja na kartie yetu, kuna nyumba ya vyumba viwili ambamo wanalala watu kumi na mmoja. Sita ni wenyeji. Watano walitoka Bukavu baada ya mji kuanguka mwezi wa pili mwaka 2025. Walipita Uvira, wakapanda mashua hadi Kalemie, wakafika kwetu na mifuko miwili.

Nilikwenda kuongea nao juu ya shule ya watoto. Wakati tunaongea, mvulana wa miaka kama kumi na mmoja alikuwa anaoga nje kwenye beseni. Niliona kovu limeshuka katikati ya tumbo lake. Maswali ya shule yalinitoka kichwani.

"Mama, mtoto huyu alipasuliwa nini?"

"Ah, papa wa redio, alianguka kwa muti ya avoka. Mwaka unakuwa wa pili. Walimutoa kitu mu tumbo, akapona."

"Kitu gani?"

"Sijue. Karatasi ilibakia Bukavu, nyumba ilipoibiwa."

Karatasi yetu ilikuwa chini ya godoro na haikutusaidia. Yake ilibaki vitani. Mwisho ni ule ule: mtoto ana pengo ndani ya mwili, na anayemlea hajui.

Tulikwenda naye kituo cha afya. Muuguzi mkuu alimsikiliza mama, akatazama kovu, akamtuma mtoto hospitali kwa ekografia. Picha ikaonyesha: mahali pa bandama hapana kitu. Mama alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mama yangu hakupata nafasi ya kuliuliza: "Sasa nifanye nini ili asikufe?"

Tulipata baadhi ya majibu siku ile. Muuguzi alichukua kipande cha katoni ngumu akaandika kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: HANA BANDAMA. AKIPATA HOMA, ANTIBIOTIKI MARA MOJA. Akapiga muhuri. Mama akakifunga kwa nailoni, akakitoboa, akakitia uzi. Mtoto alikataa kukivaa shingoni, eti wenzake watamcheka. Basi kinakaa kwenye mkoba wake wa shule, na kingine kama hicho kimebandikwa mlangoni.

Juma la tatu, saa saba usiku, mlango wangu uligongwa. Ni yule mama, mtoto mgongoni, anatetemeka. Nilimwamsha motari wa jirani. Sikumwambia neno "asubuhi". Tulipofika, muuguzi wa zamu alisoma kile kipande cha katoni, akachoma sindano ya antibiotiki kabla hata majibu ya malaria hayajatoka. Majibu yalipotoka, palu ilikuwepo, akaanzishiwa dawa yake pia.

Siku ya nne mtoto alirudi nyumbani akidai bukari. Je, vijidudu vilikuwepo kwenye damu usiku ule, au ilikuwa palu peke yake? Hatujui, na hatutajua. Mama aliniuliza kama tulipoteza pesa bure. Nilimjibu: "Mama, safari ya bure mimi naitamani sana."

Mambo ya kushika

Haya nimeyahakikisha na waganga. Hayachukui nafasi ya daktari wako, lakini yatakusaidia kumwuliza.

Moja. Ukiwa na kovu la upasuaji wa tumbo na hujui kilichotolewa, rudi uulize. Kama karatasi yako ina neno splénectomie, maana yake bandama imetolewa. Kama karatasi ilipotea kwa vita au kwa moto, ekografia inaweza kuonyesha.

Mbili. Mtu asiye na bandama akipata homa au baridi ya kutetemeka, ni dharura kama ajali. Usiku ule ule, si kesho. Ukifika, sema neno hilo kwanza kabla ya mengine: "Hana bandama." Muulize daktari mapema kama unapaswa kuweka antibiotiki nyumbani, ili uanze kumeza ukiwa njiani pale kituo kinapokuwa mbali.

Tatu. Uliza juu ya chanjo. Chanjo ya pneumokoki ilianza kuingizwa katika ratiba ya watoto ya nchi yetu mwaka 2011, na ile ya Hemofilusi aina ya b iko ndani ya sindano ya pentavalenti. Watoto wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Jamaa zilizohama, msiache ratiba ikatike: endeni kituo cha karibu hata bila fishi. Kwa mtu mzima si rahisi kuzipata, lakini ulizeni kwenye zoni ya afya. Upasuaji ukipangwa, chanjo inafaa itolewe angalau wiki mbili kabla. Ukiwa wa ghafla, inafaa itolewe wiki mbili hivi baadaye.

Nne. Lala ndani ya chandarua kila siku, na muulize daktari juu ya dawa ya kuzuia palu.

Tano. Ukiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, nenda hospitali siku ile ile. Mate ya mbwa yana kijidudu ambacho mwenye bandama hukishinda kwa kawaida, lakini asiye nayo kinaweza kumuua. Na hapo hapo uliza chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sita. Waambie unaoishi nao. Mgonjwa mwenyewe usiku ule hataweza kujieleza. Mdogo wangu alinipigia simu mimi, kaka yake mkubwa, kwa sababu aliamini najua.

Mtoto wake wa kike sasa anasoma darasa la kwanza. Siku moja atauliza baba yake alikufa na nini. Watu wa nyumbani bado wanasema palu, na mimi niliwaacha waseme hivyo. Nikimaliza kuandika haya nitakwenda kwa mama, nimsomee kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, hata sauti ikikauka. Na Jumatatu, Mungu akipenda, nitajaribu tena kuisoma hewani.

Kutoka Karavia, ni mimi mwandishi wenu.